Barua ya wazi: Ombi la msamaha wa Rais lipewe namba, na lijibiwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, na Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Nakala kwa Waheshimiwa Wabunge na kwa Kamishna Jenerali wa Magereza.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kwa heshima zote nikiwa msaidizi wa kisheria katika mojawapo ya kata za Jiji la Dodoma, mmoja wa wale ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua ili wamsaidie mwananchi kuandika barua, kujaza fomu na kuelewa anachoambiwa, bila kujifanya mawakili. Ninaandika juu ya jambo moja tu, nalo ni njia ambayo ombi la msamaha wa Rais hupita kutoka mikononi mwa mfungwa au ndugu yake hadi mezani pa mwenye mamlaka, pamoja na ukimya unaofuata baada ya ombi hilo kuondoka.

Aliyenisukuma kushika kalamu ni mama mmoja wa wilayani Bahi, mjane, mkulima wa mtama na uwele, aliyefika kwetu na bahasha ya kaki iliyofungwa ndani ya kipande cha kanga. Mlikuwa na nakala ya hukumu iliyokatika kwenye mikunjo, barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri, na barua tatu za maombi zilizoandikwa miaka tofauti kwenye karatasi za daftari, kila moja kwa mwandiko wa mtu mwingine, kwa kuwa mwenyewe hajui kuandika. Mwanawe anatumikia kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Amekwisha kukaa ndani miaka 16, rufani zake zimefika mwisho, na kosa lake ni miongoni mwa yale ambayo sheria ya parole, ile ya kumwachia mfungwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, imeyaweka kando, kwa hiyo mlango uliobaki ni mmoja.

Mama huyo hasemi kwamba mwanawe ameonewa. Nilipomuuliza, kama ninavyowauliza wote, alinijibu: "Alikosa, mwanangu. Yule mwenye duka walimkata mkono, namwona kila siku ya gulio. Mimi nataka kujua kama barua zangu zimefika." Alikwisha kuzipeleka kwenye madirisha matatu ya ofisi tatu ambazo sitazitaja, maana nia yangu si kumchongea mtumishi yeyote. Kwenye dirisha la mwisho kijana alifungua bahasha, akasoma mistari michache, akaikunja tena vizuri, kwa adabu kabisa, akamwambia: "Mama, subiri sikukuu." Ni sikukuu ipi, hakuambiwa. Wala hakuambiwa kama barua inabaki pale au anarudi nayo, naye akaona heri arudi nayo.

Waheshimiwa, Ibara ya 45 ya Katiba yetu haisemi lolote kuhusu sikukuu. Inampa Rais uwezo wa kumsamehe mtu yeyote aliyepatikana na hatia mbele ya mahakama, kwa masharti au bila masharti, kumwachilia kabisa au kwa muda, kubadilisha adhabu iwe tahafifu, au kufuta adhabu yote au sehemu yake. (Neno tahafifu lilinichukua muda kulifafanua kwa mama yule, mpaka niliposema ni kama kumpunguzia mtu mzigo kichwani badala ya kumtua.) Ibara hiyohiyo, katika ibara ndogo ya pili, inalipa Bunge uwezo wa kutunga sheria ya utaratibu utakaofuatwa na Rais katika kutekeleza madaraka hayo. Yaani waliotunga Katiba walikwisha kuona kwamba huruma nayo yahitaji utaratibu, na kwamba utaratibu haumvunjii Rais heshima.

Sina ugomvi na misamaha ya sikukuu. Nilikuwa miongoni mwa maelfu waliojaa Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma tarehe 9 Desemba 2017, siku ya Uhuru, Rais Magufuli alipotangaza msamaha kwa wafungwa 8,157, kati yao 1,828 watoke siku ileile. Alitaja waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa, 61 kwa idadi, akamtaja na mzee wa miaka 85 aliyekuwa ndani kwa zaidi ya miongo mitatu, na uwanja ukatulia kidogo. Kisha akalitaja jina la mwanamuziki Nguza Viking, yule Babu Seya, na la mwanawe Papii Kocha, na uwanja ukalipuka kwa shangwe. Tarehe 26 Aprili 2021, siku ya Muungano, Rais Samia naye aliwasamehe wafungwa 5,001, kati yao 1,516 wakiachiwa huru mara moja na waliobaki wakipunguziwa vifungo. Kwa kawaida matangazo haya huwataja wazee wa miaka 70 na zaidi, wagonjwa waliofikia hatua ya mwisho, wajawazito, akina mama walioingia na watoto wanyonyao na watu wenye ulemavu, na huyaorodhesha makosa yasiyoguswa. Ni utaratibu wenye utu, nao hupunguza msongamano gerezani.

Hata hivyo, msamaha wa makundi hauoni uso wa mtu. Anayeangukia ndani ya kundi hutoka, hata kama mwenendo wake ni wa kutilia shaka. Anayeangukia nje hubaki, hata kama amejifunza useremala mpaka anawafundisha wenzake. Na siku ile uwanjani, shangwe zilipokuwa zikiendelea, niliwaza juu ya watoto wa shule ya msingi ambao mahakama ilisema mwaka 2004 kwamba walibakwa na baba huyo na mwanawe, ambao kufikia siku ile walikuwa wamekua wasichana wakubwa. Sibishani na uamuzi wa Rais, ni wake kwa mujibu wa Katiba. Ninachosema ni kwamba hakuna kifungu chochote cha Katiba kinachodai kwamba aliyeumizwa aambiwe kabla ya kusikia redioni.

Najua jibu ambalo wanasheria wa Serikali wanalo tayari. Mamlaka ya kusamehe tumeirithi kutoka kwa wafalme wa Uingereza, kama walivyoirithi wenzetu wote wanaofuata mfumo wa sheria uliotokana na ule wa Kiingereza, na mfalme hakuwa akiulizwa kwa nini amemhurumia huyu akamwacha yule. Mwaka 1975, katika shauri lililotoka Trinidad, Jaji Diplock wa Baraza la Faragha mjini London, mahakama ya mwisho ya rufani kwa baadhi ya nchi zilizotawaliwa na Uingereza, aliandika kwamba huruma haihusiani na haki za kisheria, bali huanzia pale haki hizo zinapoishia. Ni sentensi nzuri, na ilinukuliwa kwa miaka mingi kumfungia mlango kila aliyedai kuonyeshwa kilichoandikwa juu yake.

Lakini Baraza lilelile, mwaka 2000, katika shauri la Neville Lewis na wenzake kutoka Jamaica, lilibadili msimamo. Lilisema kwamba uamuzi wenyewe wa kusamehe au kutosamehe unabaki kuwa wa mwenye mamlaka, ila njia ya kuufikia ni lazima iwe ya haki: mfungwa ajulishwe siku ombi lake litakapofikiriwa, aonyeshwe taarifa zitakazowekwa mbele ya wanaoshauri, na apewe nafasi ya kutoa maelezo yake. Waheshimiwa, tofauti hiyo kati ya uamuzi na njia ndiyo roho ya barua yangu. Siombi mahakama zimpangie Rais nani wa kumsamehe. Naomba mama wa Bahi ajue barua yake iko wapi.

Majirani zetu wamekwisha kuanza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 133, inasema Rais atatumia mamlaka hayo kwa ombi la mtu yeyote na kwa kufuata ushauri wa Kamati yenye Mwanasheria Mkuu, Waziri anayesimamia magereza na wajumbe wengine wasiopungua watano wasio maofisa wa Serikali. Na inairuhusu Kamati kuzingatia maoni ya waathirika wa kosa. Uganda nayo ina kamati ya ushauri ndani ya Katiba, Ibara ya 121, yenye Mwanasheria Mkuu na raia sita wenye heshima. Sisemi kwamba huko mambo yote ni shwari. Nasema kwamba mwananchi wa Kisii au wa Mbale anajua jina la chombo anachokiandikia.

India inatufundisha jambo lingine, tena kwa pande zote mbili. Mwaka 2006 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliutengua msamaha uliotolewa na Gavana wa Andhra Pradesh kwa mtu aliyepatikana na hatia katika shauri la mauaji, na moja ya mambo yaliyowakera majaji ni kwamba taarifa zilizopelekwa kwa Gavana zilimsifu mfungwa kwa kuwa mfanyakazi mzuri wa chama. Gavana hakuwa amekosa mamlaka. Alikuwa amelishwa taarifa zisizohusika. Kisha, Januari 2014, mahakama hiyohiyo iliwabadilishia adhabu wafungwa 15 waliokuwa wakisubiri kunyongwa, sababu mojawapo kubwa ikiwa ni kwamba maombi yao ya huruma yalikaa bila kujibiwa kwa miaka mingi. Ukimya, kwa maoni ya majaji wale, ulikwisha kuwa mateso ya pekee yake.

Hapo naomba nikae kidogo, kwa sababu jambo hili lina historia hapahapa kwetu. Mwaka 1994, katika Mahakama Kuu ya Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliamua katika shauri la Mbushuu na mwenzake kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba, akawapa kifungo cha maisha. Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo mwaka 1995, lakini hata yenyewe ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha, ila imeokolewa na kifungu kinachoruhusu sheria za kulinda maslahi ya umma. Tangu katikati ya miaka ile ya 1990 hatujanyonga mtu. Wanaohukumiwa wanaendelea kuhukumiwa, kwa kuwa kwa kosa la mauaji ya kukusudia sheria inamwachia jaji adhabu moja tu, na mwezi Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema kulazimisha adhabu hiyo kunavunja haki ya kuishi.

Mtu asiyenyongwa wala kuambiwa kwamba hatanyongwa anaishi kwa kusikiliza hatua za viatu kwenye korido. Mzee mmoja aliyetoka gerezani baada ya kubadilishiwa adhabu alinieleza kwamba walijifunza kuzitambua funguo kwa mlio: hii ya chakula, hii ya zahanati, hii ya ukaguzi, na ukilia mlio wasioujua, wote walinyamaza. Uganda ililimaliza suala hili mwaka 2009 katika shauri la Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, ambapo Mahakama Kuu Kabisa ilisema hukumu ya kifo isipotekelezwa ndani ya miaka 3 tangu rufani ya mwisho, igeuke kuwa kifungo cha maisha. Kwa Jamaica, shauri la Pratt na Morgan la mwaka 1993 liliweka kipimo cha miaka 5, kilichodumu mpaka Katiba ya huko ilipobadilishwa mwaka 2011. Kenya, mwezi Agosti 2009, Rais Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 kwa siku moja. Sisi tunategemea sikukuu ije na Rais akumbuke, kama alivyokumbuka Rais Magufuli mwaka 2020 alipowabadilishia wafungwa 256 wa kundi hilo wawe wa kifungo cha maisha.

Yupo mwingine ambaye msamaha haumfai kabisa, naye ni yule asiye na hatia. Kumsamehe mtu kwa kosa ambalo hakulitenda ni kumwachia doa huku ukimfungulia mlango. Uingereza walilijua hilo kwa uchungu. Derek Bentley alikuwa kijana wa miaka 19, mzito wa akili, aliyenyongwa Januari 1953 kwa kifo cha askari polisi aliyepigwa risasi na mwenzake, Christopher Craig, ambaye kwa kuwa na miaka 16 hakuweza kunyongwa. Wazee wa baraza la mahakama walikuwa wameomba ahurumiwe, Waziri akakataa. Dada yake, Iris, aliandika barua kwa miaka 40. Mwaka 1993 majaji walimtaka Waziri alifikirie upya suala hilo, na ukatoka msamaha wa nusu, wa kuondoa adhabu tu, si hatia. Hatia yenyewe ilifutwa na Mahakama ya Rufaa mwezi Julai 1998, baada ya shauri kurudishwa na tume maalumu ya kupitia upya kesi iliyoanza kazi mwaka 1997. Iris alikuwa amefariki mwaka huohuo wa 1997. Kila ninapoitazama bahasha ya yule mama, ingawa mwanawe ana hatia na Bentley alifutiwa, namkumbuka dada huyo.

Marekani sitakaa sana. Rais wao anaweza kusamehe hata kabla mtu hajashtakiwa, kama Rais Ford alivyomsamehe mtangulizi wake, Nixon, mwaka 1974. Rais Biden alimsamehe mwanawe wa kumzaa Desemba 2024, na Rais Trump akawasamehe watu wapatao 1,500 wa lile tukio la kuvamia Bunge la Januari 2021, siku yake ya kwanza kazini Januari 2025. Katiba yetu imetukinga na sehemu ya hayo kwa maneno machache: msamaha ni kwa aliyepatikana na hatia mbele ya mahakama.

Afrika Kusini ndiko nilikojifunza zaidi kuhusu wanaoumizwa. Mwaka 1994 Rais Mandela aliwaachilia akina mama wafungwa waliokuwa na watoto chini ya miaka 12. Baba mmoja mfungwa, Hugo, alishtaki kwamba na yeye ana mtoto. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba msamaha wa Rais unaweza kupimwa kwa Katiba, kisha ikaona Mandela hakukosea, kwa kuwa mzigo wa kulea watoto ulikuwa kweli mabegani mwa akina mama. Miaka 13 baadaye, katika shauri la Albutt la mwaka 2010, mahakama hiyohiyo ilisema kwamba kabla ya kuwasamehe waliofanya makosa ya kisiasa, waathirika ni lazima wasikilizwe kwanza. Wasikilizwe, si wapewe kura ya turufu. Yule mwenye duka wa Bahi, aliyekatwa mkono, huenda akakataa kata kata. Huenda akashangaza watu. Mpaka leo hakuna aliyemuuliza, na yeye na yule mama wanakutana gulioni wakinunua chumvi kwa muuzaji mmoja.

Kwa hiyo ninachoomba, Waheshimiwa, hakihitaji jengo jipya hapo Mtumba. Pelekeni bungeni muswada chini ya Ibara ya 45(2), wenye kamati ya ushauri ambayo wajumbe wake wanajulikana kwa majina na ambamo wako watu wasio watumishi wa Serikali. Kila gereza na kila ofisi ya mkuu wa wilaya iwe na fomu moja ya Kiswahili, isiyozidi kurasa mbili, na asiyejua kuandika asomewe na kuandikiwa. Ombi likipokelewa lipewe namba, na mwombaji apewe kipande chenye namba hiyo, kama tunavyopewa risiti tukilipia maji. Taarifa ya mkuu wa gereza juu ya mfungwa isomwe kwa mfungwa mwenyewe kabla haijapelekwa mbele. Mwathirika au familia yake ijulishwe na kuulizwa. Aliyehukumiwa kunyongwa, rufani yake ya mwisho ikishaamuliwa, jalada lake lifike kwa kamati bila kusubiri aombe, na sheria itaje muda ambao ukipita adhabu itabadilika.

Na jibu litoke kwa maandishi. Hili naliweka mbele ya mengine yote, hata kama muswada utachukua miaka, kwa sababu halihitaji muswada. "Hapana" yenye tarehe, namba na sababu mbili ni bora kuliko ukimya, maana mtu akijua amekataliwa kwa sababu gani anajua arekebishe nini, au anajua aache kuuza mbuzi kwa ajili ya nauli. Mtaniambia maombi ni mengi na watumishi ni wachache. Ni kweli, nami nimeyaona madirisha hayo. Lakini barua tatu za mama yule zimeshughulikiwa na watumishi watatu kwa miaka mitatu tofauti bila hata moja kuandikwa kwenye daftari, na kazi ya kumrudisha mtu mara tatu ni kubwa kuliko ya kuandika namba mara moja.

Barua yake ya nne tumeiandika pamoja wiki iliyopita, kwa kompyuta, na ameweka dole gumba mwishoni. Nimeiambatanisha na barua hii katika nakala zinazofika ofisini kwenu, jina na namba ya mfungwa vikiwa ndani, ila katika nakala inayosomwa na umma nimeviondoa. Amesema atarudi kwetu akishamaliza kuvuna mtama, kuuliza kama imefika.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Dodoma.